Samora: Kabla ya kuwa uwanja, alikuwa nesi

Shabiki wa soka anayesubiri basi Nyololo ana viwanja viwili vyenye majina makubwa. Akielekea Makambako na kuendelea, atafika Sokoine, Mbeya. Akipita Mafinga, atafika Samora, Iringa, nyumbani kwa Lipuli, wale Wanapaluhengo waliocheza fainali ya Kombe la FA 2019 wakalala 1-0 kwa Azam kule Lindi. Jina la Samora vijana wanalitaja kila siku, ila wengi wanaujua uwanja tu.

Samora Machel alizaliwa Septemba 29, 1933, Chilembene, jimbo la Gaza, Msumbiji. Akasomea unesi na kufanya kazi hospitalini Lourenço Marques, Maputo ya leo. Nesi mweusi alilipwa chini ya mzungu kwa kazi ileile, na hilo lilimkaa kooni.

Mji huohuo, mtaa wa Mafalala, kulikuwa na dogo anaitwa Eusébio. Desemba 1960 dogo akapanda ndege kwenda Benfica. 1963 Samora naye akaondoka, ila kwa kutoroka, akapitia Botswana hadi Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO. Akapelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, aliporudi akawa kambini Kongwa, Dodoma, akiwanoa wapiganaji.

Vita ilianza Septemba 25, 1964. Sasa cheki hii: Julai 1966 dunia inamshangilia Eusébio, mabao tisa Kombe la Dunia kule England, jezi ya Ureno. Mwaka huohuo Samora anakabidhiwa jeshi la FRELIMO kuipiga Ureno hiyohiyo. Si haki kumlaumu straika, Msumbiji haikuwa na timu ya taifa ya kumwita.

1968 Wareno wakafungua dimba la Machava, nje kidogo ya mji, la watu wapatao 45,000, wakalipa jina la Salazar, mtawala wao. Walijenga kama watu wa kukaa. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, akauawa kwa bomu Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Samora akashika chama. Usiku wa kuamkia Juni 25, 1975, yule nesi alisimama ndani ya uwanja wa Salazar akaitangaza Msumbiji huru, kama Tanganyika ilivyofanya Uwanja wa Taifa 1961. Jina la Salazar likafutwa. Machava ikawa ngome ya Mambas mpaka Zimpeto ilipofunguliwa 2011 kwa ajili ya Michezo ya Afrika.

Urais haukuwa mteremko, maana vita vya RENAMO viliitafuna nchi. Oktoba 19, 1986, akirudi kutoka mkutanoni Zambia, ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, enzi za makaburu. Alikuwa na miaka 53, na chanzo cha ajali kinabishaniwa mpaka leo. Sokoine alikuwa ametangulia, Aprili 12, 1984, kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar.