Okot p'Bitek

Okot p'Bitek (Gulu, 7 Juni 1931 – Kampala, 20 Julai 1982) alikuwa mshairi, mwanaanthropolojia na mhadhiri kutoka nchini Uganda. Anajulikana hasa kwa shairi refu la Wimbo wa Lawino.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kabila la Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alisifika kwa uimbaji. Alisoma Gulu na King's College Budo, akawa mwalimu. Mwaka 1953 alichapisha riwaya kwa Kiacholi.

Mwaka 1956 alisafiri na timu ya taifa ya mpira wa miguu kwenda Uingereza, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na anthropolojia Oxford. Huko Oxford alipinga wahadhiri waliowaelezea Waafrika kama washenzi.

Wimbo wa Lawino

Kitabu kilitoka Nairobi mwaka 1966 kwa Kiingereza, baada ya yeye mwenyewe kukitafsiri kutoka Kiacholi. Lawino ni mke wa kijijini anayedharauliwa na Ocol, mume wake msomi, ambaye amempenda Clementine, mwanamke wa mjini. Lawino anajibu kwa kejeli. Anacheka dansi za kukumbatiana, poda, majina ya ubatizo na siasa za vyama zinazogombanisha ndugu.

Miaka hiyo vijana wengi wa Ulaya na Marekani walikataa utamaduni wa wazazi wao kwa muziki, mavazi na nywele ndefu. Kwa Okot uasi ulikuwa kinyume chake: kushika ngoma ya wazazi mbele ya wasomi walioiga Wazungu. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita vimini na wigi kwa Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969. Lawino naye hapendi mitindo ya kuiga, lakini hana mgambo. Ana wimbo tu.

Wala Okot hakusikiliza upande mmoja. Katika Wimbo wa Ocol (1970) mume anajibu. Katika Wimbo wa Malaya (1971) kahaba anawaumbua wanaume wenye heshima zao ambao ndio wateja wake.

Kazi na uhamisho

Katika miaka ya 1960 aliongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni mjini Kampala, akazipa nafasi ngoma na nyimbo za wenyeji. Alipoteza cheo hicho baada ya kuikosoa serikali, akahamia Kenya. Huko alianzisha tamasha la sanaa la Kisumu mwaka 1968, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi, na baadaye Ife nchini Nigeria. Alirudi Uganda baada ya Idi Amin kuangushwa, akafundisha Makerere hadi kifo chake.

Urithi

Okello Oculi na Joseph Buruga ni kati ya washairi waliofuata mtindo wake. Paul Sozigwa alikitafsiri kitabu kwa Kiswahili mwaka 1975. Kwa njia ya shule, wimbo unaowacheka wasomi umewafikia kwanza wasomi wenyewe.