Meinertzhagen: Ndege walimvua heshima, damu ya watu haikumvua

MSAFIRI anayetoka mjini Thika akielekea Gatanga hupita kando ya mashamba ya mananasi na kahawa, na pengine hufika Kihumbu-ini bila kujua kwamba jina hilo limo katika kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1957.

Kitabu hicho kinasimulia jinsi kijiji kilivyozingirwa usiku wa Septemba 1902, wakazi wake wakauawa alfajiri, nyumba zikachomwa na migomba ikafyekwa. Aliyekiandika ndiye aliyetoa amri ya mauaji hayo, Kanali Richard Meinertzhagen.

Hakushtakiwa kwa alilotenda. Alifariki mjini London mnamo Juni 17, 1967, akiwa na umri wa miaka 89, akizungukwa na sifa za mwanajeshi shujaa, jasusi hodari na bingwa wa elimu ya ndege. Sifa hizo zilianza kubomoka miaka mingi baada ya mazishi yake, na waliozibomoa hawakuwa mawakili wala wajukuu wa waliouawa, bali wataalamu wa ndege waliogundua kwamba marehemu alikuwa mwizi.

Meinertzhagen alizaliwa Machi 3, 1878, katika ukoo tajiri wa wenye benki uliokuwa na asili ya Ujerumani. Mamake, Georgina Potter, alikuwa dadake Beatrice Webb, mwandishi na mwanaharakati maarufu wa siasa za kisoshalisti nchini Uingereza. Kijana huyo alisomea Harrow, shule ya wana wa wakubwa, na baada ya kujaribu kazi ya benki bila kuipenda, akaingia jeshini mwaka 1899 na kupelekwa India.

Mwaka 1902 alihamishiwa Afrika Mashariki katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji walilijua kwa jina la Keya. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria, lakini mji wa Thika haukuwako. Palikuwa na mito ya Chania na Thika, na ng'ambo yake njia ya kwenda kwenye ngome ya Fort Hall, ambako leo ni Murang'a. Huko ndiko alikopangiwa kazi, akiwa na umri wa miaka 24.

Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, mzungu mmoja alikuwa amekamatwa na kuuawa kwa njia ya kikatili na ya kumdhalilisha. Badala ya kuwatafuta waliohusika, Meinertzhagen aliamua kuadhibu kijiji kizima, ambacho katika kitabu chake anakiita Kihimbuini. Aliwaamuru askari wake wamuue kila mtu ila watoto. Wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi siku mzungu alipouawa.

Hapakuwa na hakimu, wala shahidi, wala hati ya mashtaka. Serikali ya wakati huo iliyaita mashambulizi ya aina hiyo misafara ya kuadhibu. Waliokufa hawakuwa raia wa dola yoyote iliyowatambua. Walikuwa wenyeji wa himaya ambayo Uingereza ilikuwa imeitangaza miaka saba tu kabla ya hapo, na hawakuwa na mahali pa kupeleka kilio chao.

Mwaka 1904 afisa huyo alishiriki tena katika msafara wa kijeshi dhidi ya watu wa Iria-ini na Embu, ambapo wengi waliuawa na mifugo yao kutwaliwa. Mwaka huo huo jina lake liliingia katika vitabu vya sayansi. Alikuwa ametuma London mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemjua, na mnyama huyo akapewa jina la kisayansi la Hylochoerus meinertzhageni.

Hata hivyo, tukio lililomfanya akumbukwe zaidi nchini Kenya lilitokea katika nchi ya Wanandi. Kwa takriban miaka kumi Wanandi walikuwa wamepinga utawala wa Waingereza na ujenzi wa reli katika ardhi yao, wakiongozwa na Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Meinertzhagen alitafuta namna ya kukutana naye.

Mnamo Oktoba 19, 1905, walikutana ana kwa ana. Koitalel alikuja akiamini kwamba yanazungumzwa mapatano ya amani. Mkutano huo uligeuka kuwa machinjio. Orkoiyot alipigwa risasi akafa pamoja na wafuasi wake waliokuwa naye, na upinzani wa Wanandi ukavunjika nguvu.

Meinertzhagen alidai kwamba Koitalel ndiye aliyekuwa amemtegea mtego, na kwamba yeye alijiokoa tu. Wanandi, na hata baadhi ya maafisa wa Kiingereza, hawakukubali maelezo hayo. Uchunguzi ulifanywa mara tatu, na wachunguzi walikuwa maafisa wenzake. Kesi ya nyani ilikuwa imepelekwa kwa ngedere. Aliondolewa lawama, lakini wakubwa wake wakaona kuwa kuendelea kwake kukaa nchini ni aibu kwa serikali, na mwaka 1906 akarudishwa kwao.

Aliondoka na vitu vya marehemu. Fimbo za mamlaka za Koitalel zilikaa Uingereza kwa takriban karne nzima, hadi zilipokabidhiwa Wanandi mwaka 2006 kutoka mikononi mwa familia ya afisa huyo.

Aliporejea tena Afrika Mashariki, Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza. Alikuwa afisa wa ujasusi katika kikosi kutoka India kilichojaribu kuuteka mji wa Tanga mnamo Novemba 1914, kikashindwa vibaya na askari wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Licha ya kushindwa huko, Meinertzhagen aliendelea kuongoza ujasusi wa Waingereza katika eneo hili, na mwaka 1916 akatunukiwa nishani ya kijeshi ya DSO.

Kutoka hapa alipelekwa Palestina, ambako mwaka 1917 lilitokea tukio lililomjengea umaarufu mkubwa. Mkoba wenye karatasi za uongo uliangushwa makusudi ili Waturuki wauokote, waamini kwamba Waingereza wangeshambulia Gaza ilhali walikuwa wakijiandaa kushambulia Beersheba. Kwa miaka mingi Meinertzhagen alijulikana kuwa ndiye aliyebuni hila hiyo na kuitekeleza. Watafiti waliopekua kumbukumbu za jeshi baadaye walibaini kwamba aliyeibuni alikuwa afisa mwingine, na aliyepanda farasi kwenda kuuangusha mkoba alikuwa mwingine pia.

Vita vilipokwisha alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Uingereza katika mkutano wa amani wa Paris wa mwaka 1919, kisha akawa mshauri wa masuala ya kijeshi katika Wizara ya Makoloni chini ya Winston Churchill. Alistaafu jeshini mwaka 1925. Mtu aliyefukuzwa koloni moja kwa aibu alikuwa sasa anashauri jinsi ya kuyatawala makoloni yote.

Mwaka 1928 mkewe wa pili, Annie, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi walipokuwa Scotland. Kifo hicho kiliamuliwa kuwa ajali. Mashaka hayajaisha hadi leo, lakini aliyeeleza kilichotokea alikuwa mmoja tu, naye ni mumewe. Msema pekee hashindwi kesi.

Shajara zake nazo zilikuwa msema pekee. Zilijaza makumi ya mabuku, zikahifadhiwa katika chuo kikuu cha Oxford, na kwa miaka mingi wanahistoria walizinukuu kama ushahidi. Baadaye iligunduliwa kwamba kurasa kadhaa zilipigwa chapa upya muda mrefu baada ya matukio, nyingine zikiwa na mikutano ambayo haikufanyika.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika shajara hizo hizo, mauaji ya Kihumbu-ini hayakufichwa. Aliyechapisha kitabu mwaka 1957, huku Kenya ikiwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, hakuona haja ya kuficha. Aliona haja ya kuficha wizi wa ndege.

Tangu ujana wake Meinertzhagen alikuwa akikusanya ngozi za ndege. Mwaka 1919 alipigwa marufuku kwa muda kuingia katika chumba cha ndege cha makumbusho ya viumbe mjini London, baada ya kukutwa akitoka na ngozi bila ruhusa. Alisamehewa. Mwaka 1954 aliikabidhi makumbusho hiyo mkusanyo wake wa ngozi takriban 20,000, na mwaka 1957, mwaka ule ule wa kitabu chake cha Kenya, akatunukiwa nishani ya CBE kwa mchango wake katika elimu ya ndege.

Mwaka 1993 mtaalamu Alan Knox alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya ngozi hizo ziliibwa kutoka makumbusho yale yale, zikabandikwa vibandiko vipya vyenye tarehe na mahali pa uongo, kisha zikarudishwa kama zawadi.

Pamela Rasmussen wa Marekani alifuata nyayo hizo kwa kumchunguza bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye hakuwa ameonekana na mtaalamu yeyote tangu mwaka 1884. Meinertzhagen alikuwa amedai kumpata mmoja Gujarat mwaka 1914. Ilibainika kuwa ngozi hiyo ilikusanywa na mtu mwingine katika miaka ya 1880, ikaibwa na kushonwa upya. Waliokuwa wakimtafuta ndege huyo kwa kufuata kibandiko cha uongo walikuwa wakipoteza muda. Rasmussen na wenzake waliupuuza ushahidi huo, wakatafuta kwingineko, na mnamo Novemba 1997 wakampata bundi huyo akiwa hai.

Kumbukumbu nyingi za Meinertzhagen zikawekwa kando na wanasayansi. Mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield akachapisha kitabu kilichouchambua uongo wa maisha yake karibu yote. Kwa ajili ya ndege, mahakama ya wataalamu ilikuwa imetoa hukumu.

Kwa ajili ya watu, sheria zimejifunza polepole. Feodor Fedorenko, aliyekuwa mlinzi katika kambi ya mauaji ya Treblinka, aliingia Marekani mwaka 1949 kwa kuficha kazi yake hiyo na akapewa uraia mwaka 1970. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba uraia uliopatikana kwa uongo wa namna hiyo si uraia. Mwaka 1984 alihamishiwa Muungano wa Kisovieti, ambako alihukumiwa na kuuawa mwaka 1987.

Karibu na kwetu, mwanamke mzaliwa wa Rwanda aliyekuwa akiishi jimbo la New Hampshire alivuliwa uraia wa Marekani mwaka 2013, baada ya kupatikana na hatia ya kuficha aliyoyafanya wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Alitumikia kifungo, na mwaka 2021 akarejeshwa Rwanda. Kenya pia, katika Kifungu cha 17 cha Katiba ya mwaka 2010, inaruhusu uraia wa kujiandikisha kubatilishwa iwapo ulipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo la maana.

Sheria hizo zina msingi mmoja. Anayeomba kupokelewa na jamii hutakiwa aseme ukweli kuhusu mikono yake, na akiificha, mapokezi yale huwa batili tangu siku ya kwanza.

Meinertzhagen hakuhitaji kuomba. Alizaliwa Mwingereza, na damu aliyoimwaga aliimwaga kwa niaba ya dola iliyompa uraia huo. Hakuna hati angeweza kupokonywa. Nishani nazo, kwa desturi ya Uingereza, hufa na mwenyewe, kwa hivyo marehemu havuliwi.

Uingereza yenyewe ilikuwa na hodari wengine wa kuficha. Mwaka 2011 ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi kisiri maelfu ya faili za makoloni, na miongoni mwake zilikuwamo za mateso ya wakati wa Mau Mau. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Malipo hayo yaliwahusu walioteswa katika miaka ya 1950 waliokuwa bado hai kusimulia. Wa mwaka 1902 hawakuwa na shahidi aliyebaki, isipokuwa muuaji wao.

Leo nguruwe wa msituni katika Mlima Kenya na Aberdare angali akiitwa kwa jina la Meinertzhagen katika vitabu vya sayansi, na Koitalel amejengewa kaburi la heshima katika Nandi Hills. Wa Kihumbu-ini hawana hata orodha ya majina. Aliyewaua aliandika kwa makini tarehe na jina la kijiji, kama alivyozoea kuandika kwenye vibandiko vya ndege wake, lakini hakumwandika hata mmoja wao kwa jina lake.