Tom Mboya: Waziri aliyetaka maeneo tajiri yainue maskini

MCHUUZI wa mitumba katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera jijini Nairobi, huyajua masuala ya fedha za umma bila kuyasomea. Hulipa ushuru, hungoja maji, vyoo na taa, kisha huweka kando shilingi chache kwa ajili ya siku mbaya. Siku hiyo iliwafikia wengi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko hilo lilipoteketea katika ghasia zilizozuka. Nyuma ya hasira ya kipindi hicho lilikuwapo swali la tangu uhuru: ni nani anayefaidi mali ya nchi, na ni nani anayebaki nyuma?

Swali hilo hilo lilikuwa mezani pa hayati Thomas Joseph Mboya mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, lakini ukosefu wa karo ukamkatiza masomo. Mwaka 1948 alijiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, na kufikia 1951 alikuwa mwajiriwa wa Baraza la Jiji la Nairobi.

Jiji la wakati huo liligawa huduma kwa rangi ya ngozi. Mitaa ya Wazungu ilikuwa na maji, taa na barabara. Mitaa ya Waafrika ilipata makombo. Mshahara wa Mboya nao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Dhuluma hiyo ilimsukuma katika harakati za wafanyakazi. Mwaka 1953 alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu, na mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa.

Baada ya mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alirejea na kushinda kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza aliyoisaidia kupatikana iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Chama cha Kanu kilipoundwa mwaka 1960, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, iliyoyapa maeneo mamlaka juu ya baadhi ya kodi na huduma. Kanu haikuipenda. Mboya, akiwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, alishiriki kuiandaa katiba ya jamhuri ya Desemba 1964, ambayo iliyarejesha mamlaka hayo Nairobi. Sasa serikali kuu ndiyo iliyoshika mkoba, na ilibidi iseme itautumiaje.

Jibu lilikuja Aprili 1965 katika Waraka wa Serikali Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao Mboya aliusimamia na kuutetea Bungeni. Aya yake ya 133 ilipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Waraka ulitoa mfano: pauni milioni moja zikiwekezwa eneo moja huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000, na eneo jingine kwa pauni 100,000. Nchi ikichagua la pili hupata pauni 80,000 zaidi kila mwaka, na kwa faida hiyo inaweza kulisaidia eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilitekelezwa kwa bidii. Ya pili, ya kurudisha faida, haikuwekewa sheria wala mfuko maalumu wa kuilinda. Mikoa kame ya kaskazini ilikaa miongo mingi ikingoja barabara, shule na hospitali.

Kasoro hazikukosa kutajwa mapema. Julai mwaka huo, mwanauchumi Barack Obama, rafiki ya Mboya na baba wa aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Kuhusu kodi, alishikilia kwamba kiwango chake si tatizo kubwa iwapo mlipaji anarudishiwa manufaa yanayolingana na alichotoa.

Waraka ulihimiza pia akiba ya ndani, na mwaka uo huo ikaanzishwa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Waajiriwa walianza kujiwekea akiba ya uzeeni. Mchuuzi asiye na mwajiri alibaki nje.

Mboya hakuishi kuona matunda wala makosa ya mpango wake. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa. Mboya alizikwa Rusinga.

Ilichukua miaka 45 kwa hatua ya pili kuandikwa kuwa sheria. Katiba ya 2010 iliagiza kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia 0.5 itengwe kwa Hazina ya Usawazishaji ili kuyafikishia maeneo yaliyotengwa maji, barabara, afya na umeme. Hata hivyo, hazina hiyo ilikumbwa na ucheleweshaji na kesi mahakamani. Sheria ya Petroli ya 2019 nayo, kufuatia kupatikana kwa mafuta Turkana mwaka 2012, ilizitengea kaunti na jamii za wenyeji fungu lao.

Katika Soko la Toi, wachuuzi walirudi baada ya moto wa ghasia hizo wakajenga upya. Soko limeungua tena tangu hapo, na ushuru bado hulipwa. Anayeulipa angali anasubiri kuona kitakachorudi.