Friedrich List: Aliyepigania reli ya Leipzig akaachwa kituoni

Aprili 7, 1839, treni iling'oa nanga Leipzig na kushika njia ya Dresden. Ilikuwa siku kubwa huko Saxony. Kwa mara ya kwanza Wajerumani walikuwa na reli ndefu ya kuunganisha miji miwili mikubwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 110. Wakubwa walikuwepo, na wenye hisa pia. Ila jamaa aliyewasumbua watu miaka kadhaa hadi reli hiyo ikajengwa hakuwepo. Friedrich List alikuwa Paris, akiandikia magazeti makala ili familia yake ipate riziki.

List alizaliwa 1789 katika mji wa Reutlingen, kusini magharibi mwa Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, na alitarajia kijana arithi kazi hiyo. Kijana hakutaka hata kuisikia. Akaingia ukarani serikalini, akapanda ngazi haraka, na kufikia 1817 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Shahada hakuwa nayo. Mdomo alikuwa nao.

Na mdomo ndio ulimponza. Wakati huo hakukuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani. Kulikuwa na vijidola 39, vingi vikiwa na mfalme wake, pesa zake na vizuizi vyake vya ushuru. Mfanyabiashara akisafirisha mzigo kutoka upande mmja hadi mwingine alilipa, akalipa tena, akalipa tena, hadi faida ikaisha njiani. Mwaka 1819 List aliandika ombi kwa niaba ya wafanyabiashara akitaka vizuizi hivyo viondolewe. Serikali ya Württemberg ilikasirika, naye akaacha uprofesa. Alipochaguliwa mbunge akaandika waraka mwingine, safari hii akiwachana maafisa wa serikali peupe. Mwaka 1822 alihukumiwa kifungo cha miezi 10.

Alikula kona. Alizunguka Ufaransa na Uswisi, kisha 1824 akarudi nyumbani akidhani mambo yamepoa. Hayakuwa yamepoa. Walimtupa katika ngome ya Hohenasperg, na wakakubali kumwachilia kwa sharti moja tu: ahamie Marekani.

Basi 1825 akavuka bahari na mke na watoto. Huko Pennsylvania alijaribu kilimo, kikamshinda. Akawa mhariri wa gazeti la Wajerumani mjini Reading, na hapo mambo yakaanza kumnyookea. Karibu na Tamaqua kulikuwa na makaa ya mawe, lakini makaa yaliyo mlimani bila njia ya kuyafikisha sokoni ni mawe tu. List na wenzake wakaanzisha kampuni ya kuchimba makaa na kujenga reli ya kuyabeba. Reli hiyo ilifunguliwa 1831. Mkimbizi wa juzi akawa na pesa, na uraia wa Marekani pia.

Angekaa huko tu, akala maisha. Mimi ningekaa. Yeye alikuwa tayari ameanza kuwaza reli za kwao, na aliporudi kama balozi mdogo wa Marekani akaishia Leipzig, mji wa maonyesho makubwa ya biashara. Mwaka 1833 alitoa kijitabu kuhusu reli ya Saxony na kukigawa kwa wakubwa na wafanyabiashara. Ndani yake aliweka ramani ya reli za Ujerumani nzima, Berlin ikiwa kitovu, njia zikitawanyika hadi Hamburg, Munich na Basel. Kumbuka, wakati huo katika eneo lote la Ujerumani hapakuwa na hata treni moja ya mvuke. Ile ya kwanza, kati ya Nuremberg na Fürth, ilianza Desemba 1835, na njia yake ilikuwa kilomita sita tu.

Hoja zake zilikuwa za jikoni. Reli itashusha bei ya kuni, unga na makaa. Mtu wa kawaida atasafiri. Matajiri wa Leipzig, akiwemo Gustav Harkort, wakashawishika. Hisa zilipotangazwa 1835, zote 15,000 zilinunuliwa kwa siku moja na nusu hivi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mhandisi Karl Theodor Kunz alipitisha njia Riesa, akavuka mto Elbe kwa daraja, na pale Oberau wachimba migodi kutoka Freiberg wakatoboa handaki la mita 513. Njia ilifunguliwa vipande vipande kuanzia Aprili 1837.

List hakupata kiti kwenye uongozi wa kampuni. Alikuwa mgeni mjini, raia wa Marekani, na mwenye rekodi ya jela. Alipewa zawadi ya thaler elfu kadhaa, akaambiwa asante. Tuseme ukweli, hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na hasira za karibu, na makadirio yake ya gharama yalikuwa ya chini mno. Matajiri hao walijua kuhesabu kuliko yeye. Lakini bila yeye wasingekuwa na cha kuhesabu.

Mwaka huohuo wa 1837 msukosuko wa kifedha Marekani ulikula sehemu kubwa ya mali yake, naye akahamia Paris. Mwaka 1841 alichapisha kitabu chake kikubwa cha uchumi, kinachotetea nchi changa kulinda viwanda vyake hadi vikomae. Wachumi wanakibishania hadi leo. Mwaka huohuo alitafutwa awe mhariri wa gazeti jipya la Cologne, lakini alikuwa amevunjika mguu. Mwaka uliofuata uhariri ukaenda kwa kijana aitwaye Karl Marx.

Kazi ya kudumu hakuipata tena. Mwaka 1846 alikwenda London kutafuta muungano kati ya Uingereza na Wajerumani, akarudi mikono mitupu, mgonjwa na mwenye hofu ya umaskini. Novemba 30 mwaka huo, akiwa peke yake Kufstein, huko Austria, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 57.

Reli ziliendelea kujengwa, nyingi zikipita karibu na alipokuwa amechora. Handaki la Oberau liliondolewa miaka ya 1930 ili njia ipanuliwe, na sasa Leipzig hadi Dresden ni saa moja na dakika kadhaa. Kule Dresden, upande wa kusini wa stesheni kuu, kuna uwanja unaoitwa Friedrich-List-Platz.