Hiyo V kwenye chaja yako: Maisha ya Alessandro Volta, baba wa betri

CHUKUA chaja ya simu yako uitazame kwa karibu. Soma yale maandishi madogo ambayo huwa hatuyajali. Mahali fulani utaona 5V. Hiyo V ni volti, na volti inatokana na jina la mtu: Alessandro Volta, Mwitaliano aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita bila kuona balbu ikiwaka nyumbani, sembuse simu.

Kama uko hapa Eldoret, 64 yetu hii, una sababu nzuri ya kumjua. Umetoka Langas asubuhi simu ikiwa imejaa chaji. Ukapanda matatu, ukatazama video mbili tatu kwenye msongamano wa Uganda Road, ukajibu meseji, ukaiweka mfukoni. Kufikia saa kumi jioni alama ya betri imegeuka nyekundu. Nauli ya kurudi iko kwenye M-Pesa, ndani ya simu hiyo hiyo. Yule mtu aliyekuahidi kazi alisema atakupigia jioni. Ikizima, umekwama. Na bado unaapa kwamba leo hujaitumia sana! Basi chaji imeenda wapi?

Swali hilo, la umeme wa betri unatoka wapi na kwa nini unaisha, lilimshughulisha Volta kwa miaka mingi. Alipata nusu ya jibu, na nusu hiyo ikabadilisha dunia. Nusu nyingine ilimponyoka, na wengi wetu bado inatuponyoka.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 mjini Como, kando ya ziwa, kaskazini mwa Italia. Familia yao ilikuwa na jina kubwa lakini mfuko ulikuwa umepungua. Alichelewa sana kuongea. Alifika miaka minne hivi bado yuko kimya, na jamaa zake wakaanza kuhofia kwamba mtoto ana kasoro. Kisha maneno yakaja, na kufikia miaka saba alikuwa sawa na wenzake, kama si mbele yao.

Ni katika umri huo huo ndipo babake alipofariki. Ami zake, ambao walikuwa watu wa kanisa, wakachukua jukumu la masomo yake. Walitaka asomee sheria. Unaijua hiyo presha, ya familia kukuchagulia kozi kabla hujajaza fomu. Volta naye moyo wake ulikuwa kwingine. Alitaka kujua umeme ni kitu gani.

Zama zile umeme ulikuwa radi angani, au cheche ndogo unazopata ukisugua kioo kwa kitambaa. Ilikuwa burudani ya matajiri kwenye karamu. Lakini Volta alikuwa na rafiki aliyeitwa Gattoni, aliyekuwa na chumba cha vifaa vya majaribio, na humo ndimo alimojifunza kwa mikono yake. Bado akiwa kijana wa umri wa shule, alianza kuwaandikia barua wanasayansi wakubwa kama Nollet wa Paris, kuwaeleza mawazo yake. Ni kama kijana wa Kapsoya leo amwandikie profesa wa ng'ambo bila kujuana naye.

Bidii ikalipa. Mwaka 1775 alikuwa akifundisha fizikia Como, na mwaka huo akajulikana kwa kuboresha kifaa cha kutengeneza na kubeba chaji ya umeme. Mwaka uliofuata alienda Ziwa Maggiore, akakoroga matope ya kinamasi kwa kijiti, akakusanya mapovu yaliyopanda juu. Gesi hiyo ilishika moto. Leo tunaiita methani, na ndiyo hiyo hiyo inayopikia chai katika boma za Uasin Gishu zenye mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 1779 akawa profesa Chuo Kikuu cha Pavia, na huko akafundisha kwa karibu miaka 40.

Sasa tufike kwenye mambo ya betri.

Mwaka 1791, mwalimu wa anatomia wa Bologna, Luigi Galvani, alichapisha habari za ajabu. Alikuwa ameona miguu ya chura aliyekufa ikirusha teke ilipoguswa na vyuma. Galvani akasema umeme huo unatoka ndani ya mwili wa chura. Volta alirudia majaribio hayo, mwanzoni akakubali, kisha shaka ikamwingia. Aligundua kwamba miguu hurusha teke vizuri zaidi vyuma vikiwa vya aina mbili tofauti. Akajaribu hata kwenye ulimi wake mwenyewe: vyuma viwili tofauti, vikigusana, vilimpa ladha kali ya ukakasi. Akaamua kwamba umeme unatoka kwenye vyuma. Chura ni kama waya tu.

Mjadala huo uligawanya wasomi wa Ulaya kama vile mechi ya watani. Galvani hakuishi kuona mwisho wake. Alikataa kula kiapo kwa serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa, akapoteza kazi, na akafariki Desemba 1798. Usimhesabu kama aliyeshindwa. Mwili wa kiumbe kweli una umeme wake, na ndiyo maana daktari anaweza kukubandika waya kifuani na kusoma mapigo ya moyo wako kwenye karatasi.

Volta naye alihitaji ushahidi usio na chura kabisa. Alichukua visahani vya zinki na vya fedha au shaba, akavipanga kama mnara: zinki, fedha, kipande cha kadibodi au kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, kisha zinki tena, fedha tena, kwenda juu. Alipogusa chini kwa mkono mmoja na juu kwa mkono mwingine, akapigwa shoti. Akagusa tena, shoti tena. Vifaa vya awali vilitoa cheche moja vikanyamaza. Huu ulikuwa umeme unaotiririka. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwenda kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society mjini London, akaeleza kila kitu. Dunia ikapata betri.

Na hapo hapo dunia ikapata shida ya chaji! Mnara wa Volta ulikuwa unachoka. Uzito wa visahani vya juu ulikamua maji ya chumvi, kadibodi ikakauka, na zinki ikazidi kulika kadiri umeme ulivyotumika. Volta mwenyewe aliona tatizo la kukauka, akabuni njia nyingine ya kutumia vikombe vya maji ya chumvi vilivyounganishwa kwa vyuma.

Lakini kuhusu zinki kulika, aliona ni jambo la pembeni. Aliamini kwamba umeme unatokana na vyuma viwili kugusana tu, na kwamba nguvu hiyo inaweza kuendelea kutiririka bila mwisho. Kwa ufupi, aliamini kuna chaji ya bure.

Haipo. Wanakemia kama Humphry Davy wa Uingereza walionyesha kwamba kinachosukuma umeme ni badiliko la kikemia. Zinki ikilika ndipo umeme unapotoka. Kila shoti aliyopata Volta ililipiwa na punje za zinki. Zinki ikiisha, hadithi imeisha.

Hata hivyo heshima zilimfuata. Mwaka 1801 alienda Paris, akaonyesha majaribio yake mbele ya Napoleon, ambaye aliamuru apewe medali ya dhahabu. Mwaka 1810 akapewa cheo cha ukabaila. Nyumbani alikuwa mtu wa familia. Alikuwa amemwoa Teresa Peregrini mwaka 1794, akiwa na umri wa karibu miaka 50, wakapata wana watatu. Mmoja wao, Flaminio, alifariki mwaka 1814 akiwa bado kijana, na pigo hilo lilimuumiza sana mzee. Mwaka 1819 aliacha kazi akarudi Camnago, kijiji kilicho karibu na Como, akaishi kwa utulivu hadi kifo chake tarehe 5 Machi 1827, akiwa na miaka 82. Mwaka 1881, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ukakubali jina volti litumike kama kipimo.

Kuna jambo moja la kufurahisha hapo katikati. Mwaka 1817, Volta akiwa bado hai, kijana mmoja wa Sweden aliyeitwa Arfwedson aligundua elementi mpya ndani ya jiwe: lithiamu. Ilichukua zaidi ya miaka 170 kabla ya betri za ayoni za lithiamu kuingia sokoni, mwaka 1991. Ndiyo iliyo mfukoni mwako sasa hivi.

Ndani yake hakuna mnara, lakini wazo ni lile la Volta: vitu viwili tofauti na kimiminika katikati. Upande mmoja una grafaiti, upande mwingine una mchanganyiko wenye lithiamu. Ukitumia simu, ayoni za lithiamu zinahama upande mmoja kwenda wa pili. Ukichomeka chaja, unazirudisha zilikotoka. Seli moja inatoa takriban volti 3.7. Volta angehitaji jozi tano hivi za zinki na shaba kufikia hapo.

Na kanuni ni ile ile iliyomponyoka: kila kitu simu inachofanya, kuna kitu ndani kinakilipia. Mlaji mkubwa kwa wengi wetu ni skrini. Jua letu la adhuhuri hapa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ni kali, na simu inaongeza mwangaza ili uweze kusoma. Mwangaza huo una bei. Punguza ukiingia kivulini.

Mlaji wa pili ni mtandao dhaifu. Panda gari Eldoret kwenda Iten, kisha uteremke bonde la Kerio. Kadiri mnara unavyokuwa mbali au kufichwa na mlima, simu inapaza sauti yake, yaani inatuma mawimbi kwa nguvu zaidi, na inatafuta mtandao bila kuchoka. Ndiyo maana unaweza kufika chini umeishiwa chaji na hukugusa kitu. Kama hungoji simu ya mtu, washa ile alama ya ndege, utaizima ukifika.

Wa tatu ni programu zinazofanya kazi chini kwa chini: zinazosoma mahali ulipo, zinazopakia picha, zinazoita arifa kila dakika. Usihangaike kufunga programu zote kila saa. Kuzifungua upya mara kwa mara kunaweza kula chaji zaidi. Afadhali uinyime ruhusa ile moja yenye tamaa.

Halafu kuna joto. Hili haliishii kwenye chaji ya leo, linazeesha betri yenyewe. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa boda juani mchana kutwa, au inayochajiwa usiku chini ya mto, inaungua polepole kwa ndani. Hata ukiitunza, betri nyingi zikishachajiwa kikamilifu mara 500 hivi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Hiyo ni kemia, si uchawi. Basi simu ya miaka mitatu ikianza kufa mapema, uliza kwanza bei ya betri mpya kabla hujatafuta pesa ya simu mpya. Inawezekana kilichochoka ni betri peke yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Volta hakuwa na daftari la zinki yake. Wewe unalo. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, fungua ukurasa wa betri, na utaona orodha ya kila programu na kiasi ilichokula tangu asubuhi. Uangalie leo, kabla ya saa kumi, nauli ikiwa bado inafikika.