Mwenda wa Bayeke: mwimbaji wa Likasi na uzao wa wageni

Wazee wetu wengi bado wanakumbuka gitaa la Mwenda Jean-Bosco, ambaye pia aliitwa Mwenda wa Bayeke. Alipendwa Kongo, Kenya na mbali zaidi. Lakini wachache hukumbuka kwamba karibu kila kitu alichotuachia kilitoka kwa watu waliokuja kutoka mbali.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, si mbali na Likasi. Mababu wa Bayeke walitoka kwa Wasumbwa na Wanyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za tembo. Mmoja wao, Msiri, akawa mfalme, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Ni huko alikofika mwaka 1886 mmisionari Mskoti, Frederick Stanley Arnot, na kazi ya Kiprotestanti katika Katanga ikaanzia hapo. Mgeni yule alipokelewa na watu ambao nao walikuwa wageni. Mwezi wa Desemba 1891 Msiri aliuawa na msafara uliotumwa kwa faida ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na nchi ikachukuliwa.

Mwenda alipokuwa kijana, Likasi iliitwa Jadotville. Kazi ya shaba ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, na Kiswahili, ambacho nacho kilitoka mashariki, ndicho kilichowakutanisha kambini, sokoni na kazini. Mwenda alitunga nyimbo zake nyingi katika Kiswahili hicho cha mjini. Gitaa lenyewe lililetwa na wageni. Yeye alilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu: gumba lilishika sauti nzito za chini, na kidole cha pili kikacheza juu yake, hata msikilizaji alidhani wapigaji ni wawili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alimkuta Jadotville na kumrekodi. Wimbo wake Masanga ukatoka katika santuri na kusikika nchi nyingi. Vijana wapigaji gitaa wakaketi karibu na gramafoni kujaribu kufuata vidole vyake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwenda mwenyewe akawa mgeni. Alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake katika redio, na wapigaji gitaa wa Kenya wakajifunza mengi kwake. Jamaa yake Edouard Masengo, mwimbaji kama yeye, naye alipata jina huko. Wakenya waliwapokea hawa Wakongo, na muziki wao ukatajirika. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani. Baadaye aliishi Lubumbashi, na mwaka 1990 akafa katika ajali ya gari.

Hakuona yaliyofuata. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na miji mingine ya Katanga. Wengi walikuwa wamezaliwa hapo, watoto na wajukuu wa wale walioitwa kuchimba shaba. Maelfu walilala katika stesheni ya Likasi wakingojea treni, wengine kwa miezi, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Waliambiwa kwamba mji si wao, na mara nyingi waliambiwa hivyo kwa Kiswahili kilekile ambacho wazazi wao walisaidia kukijenga.

Leo makanisa yetu ya mashariki yana watu waliokimbia vita. Wanaimba katika kwaya, wanaleta sadaka, watoto wao wanabatizwa. Tena tunasikia maneno ya kuuliza nani ni mwenyeji wa kweli na nani arudi kwao. Tukumbuke kwamba kama Bayeke, Kiswahili na gitaa vingerudishwa vilikotoka, tusingekuwa na Mwenda. Na kama Bunkeya ingemfukuza Arnot, wengi wetu tungesikia Habari Njema kwa kuchelewa. Wachungaji na wazee wa kanisa, swali hili linajibiwa kwanza nyumbani mwa Bwana, tunapogawa viti, kazi na chakula.