Mapenzi mawili ya Joey Dunlop

Mnamo tarehe 7 Julai, 2000, barabara zote za kuingia mji mdogo wa Ballymoney, katika Ireland ya Kaskazini, zilifurika watu. Halaiki iliyokadiriwa kufikia watu 50,000 ilikusanyika kumzika mtu ambaye hakuwa mwanasiasa, wala kasisi, wala tajiri. William Joseph Dunlop, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Joey, alikuwa mwenye baa, baba wa watoto watano, na mwendeshaji wa pikipiki za mashindano. Alifariki akiwa na umri wa miaka 48.

Msomaji asiyeijua historia ya nchi ile huenda asione ajabu yoyote katika umati huo. Lakini ikumbukwe kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini walikuwa wamefarakana kwa mabomu na risasi, na watu wapatao 3,500 walikuwa wameuawa. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka 1998, miaka miwili tu kabla ya mazishi hayo. Katika nchi ambamo hata mtaa aliokaa mtu na shule aliyosomea vilitosha kumtambulisha dini yake, waombolezaji wa pande zote mbili walisimama bega kwa bega mbele ya jeneza moja. Joey alikuwa wa jamii ya Waprotestanti kwa kuzaliwa, ila hakuna upande uliothubutu kudai kuwa alikuwa wake pekee.

Alizaliwa tarehe 25 Februari, 1952, mashambani karibu na Ballymoney. Alianza kushindana mwaka 1969 akiwa kijana asiye na fedha, kwa pikipiki kuukuu ambazo mwenyewe alizifungua na kuzifunga upya. Mwaka 1976 alivuka bahari kwenda Isle of Man, kisiwa kilicho baina ya Ireland na Uingereza, kushiriki mashindano ya TT, na mwaka uliofuata akapata ushindi wake wa kwanza huko.

Hapana budi nieleze kidogo juu ya mashindano hayo, maana bila kuyafahamu mtu hawezi kumfahamu Joey. TT yalianza mwaka 1907. Hayafanyiki katika uwanja uliojengwa makusudi, bali katika barabara za kawaida zinazofungwa kwa muda, zikipita kati ya kuta za mawe, nguzo za simu na milango ya nyumba za watu, kisha zikapanda mlima na kushuka tena. Mzunguko mmoja ni takriban kilomita 60, wenye kona zaidi ya 200. Washindani hawaondoki kwa mkupuo; huachiliwa kwa zamu, kila mmoja akishindana na saa. Atelezaye kwenye uwanja wa mashindano hupata nyasi au changarawe za kumpokea. Atelezaye pale hupata ukuta. Tangu barabara hiyo ianze kutumiwa mwaka 1911, zaidi ya waendeshaji 250 wamepoteza maisha yao humo.

Katika barabara hiyo Joey alishinda mara 26. Kati ya mwaka 1982 na 1986 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One ya TT mara tano mfululizo, akiendesha Honda. Mwaka 1985 mashua ya uvuvi aliyosafiria kuelekea kisiwani iligonga mwamba na kuzama. Yeye na wenzake wakaokolewa, naye akaendelea na safari na kushinda mbio tatu mwaka huo huo. Mwaka 1989 aliumia vibaya huko Brands Hatch, Uingereza, na wengi wakadhani habari yake imekwisha. Ilimchukua hadi mwaka 1992 kushinda TT tena, na mwaka 1993 akaipita rekodi ya Mike Hailwood aliyekuwa ameshinda mara 14.

Umaarufu huo haukumbadilisha. Alikuwa mtu wa haya, mwenye nywele timtimu na sigara mkononi, ambaye mahojiano ya televisheni yalimtesa kuliko kona yoyote ya mlimani. Ingawa kampuni ya Honda ilikuwa na mafundi hodari, injini ndogo za 125 cc na 250 cc alipenda kuzitengeneza mwenyewe usiku kucha, mikono ikiwa myeusi kwa mafuta. Aliporudi nyumbani alihudumu katika baa yake kama mwenye baa yeyote. Mwanamichezo wa kiwango chake angeweza kuhamia mahali pa anasa. Yeye alikaa Ballymoney na mkewe na watoto wao.

Hata hivyo, jambo linalonivutia zaidi katika maisha yake halimo katika orodha ya ushindi. Baada ya utawala wa Ceauşescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, dunia iligundua hali ya kutisha ya watoto katika makao ya mayatima ya nchi hiyo. Wengi walisikitika na kuendelea na shughuli zao. Joey alijaza gari lake vyakula na nguo, akashika usukani na kuvuka Ulaya hadi huko. Hakuita waandishi wa habari. Alirudia safari hizo mara nyingi, akienda pia Bosnia na Albania, nchi zilizokuwa katika dhiki ya vita na umaskini. Mwaka 1986 alikuwa amepewa nishani ya MBE na serikali ya Uingereza kwa ajili ya michezo. Mwaka 1996 alipewa OBE kwa ajili ya watoto hao. Nadhani ya pili ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza.

Hapa ndipo penye utata ambao wasifu wa kumsifu tu huuruka. Mtu aliyewahurumia mayatima kiasi hicho aliyahatarisha maisha yake kila msimu, huku ana watoto watano nyumbani. Wala si kwamba hakuijua hatari. Rafiki yake, Frank Kennedy, alikufa kutokana na ajali ya mwaka 1979 katika mbio za North West 200. Mwaka uliofuata, katika mbio hizo hizo, alikufa shemeji yake, Mervyn Robinson. Joey aliomboleza, kisha akarejea barabarani.

Mwezi Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda mbio tatu za TT katika juma moja, ikiwamo ile ya Formula One ambayo hakuwa ameishinda tangu 1988. Katika mbio za mwisho za juma hilo alizunguka kwa wastani wa karibu kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo hakuwahi kuifikia ujanani. Ungekuwa wakati mwafaka wa kustaafu. Badala yake alikwenda Tallinn, Estonia, katika mashindano madogo yasiyokuwa na fedha nyingi wala sifa kubwa, kwa sababu tu alipenda kushindana. Akashinda mbio mbili. Tarehe 2 Julai, mvua ikinyesha, pikipiki yake ya 125 cc iliteleza naye akagonga miti.

Husemwa kwamba alifariki akifanya alichokipenda. Maneno hayo huwafariji mashabiki. Sidhani kama yanamtosha mtoto anayemsubiri babaye mlangoni. Lakini pia siwezi kumhukumu kwamba hakuwapenda wanawe, kwani kila aliyemjua alishuhudia kinyume chake. Mapenzi hayo mawili yaliishi ndani ya mtu mmoja, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Ukoo wake haukuacha. Nduguye, Robert, alikufa katika mazoezi ya North West 200 mwezi Mei 2008. Siku mbili baadaye Michael, mwana wa Robert, alishindana katika barabara ile ile na kushinda. William, nduguye Michael, naye alikufa mazoezini mwaka 2018. Mwaka 2024 Michael aliifikia rekodi ya ami yake ya ushindi 26 wa TT, kisha akaipita. Huko Isle of Man, pale penye alama ya maili ya 26, pamepewa jina la Joey, na Michael hupita hapo kila mzunguko.